Mkwe Wangu Meleki

Jumatatu, 26 Februari

Mkwe wangu mchungaji amekuja na soda mbili na ombi moja. Jumapili ya tarehe kumi atatawazwa. Si uaskofu — ufalme! Kiti cha enzi kiko kwa seremala, mikono ya kiti inachongwa vichwa vya simba. Anataka nisimame niwaambie waumini kwamba meleki, yaani mfalme kwa Kiebrania, ni mtu asiyeulizwa swali.

"Baba, wewe ndiye uliyefundisha Kiebrania chuoni. Ukisema wewe, nani atabisha?"

Hakuna. Ndiyo maana sitaki.

Nikamweleza taratibu, kama nilivyowaeleza mbumbumbu wengi kabla yake. Meleki ni mtawala tu, hata wa kijiji chenye ukuta. Kitabu cha Yoshua kinawataja thelathini na mmoja kwa mkupuo, wote wamechapwa. Na ndugu wa neno hilo katika Kiaramu maana yake ni kushauriana. Meleki huuliza!

Akawa anatazama simu.

Ijumaa, 1 Machi

Nimempa sharti. Kumbukumbu la Torati, sura ya kumi na saba: mfalme akiketi, ajiandikie nakala ya sheria, aisome siku zote, moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake. Akinakili kitabu kizima, nitasema.

Jioni kaleta fotokopi. Ina utepe wa dhahabu! Nimecheka hadi nikakohoa.

"Kwa mkono, baba. Wako."

"Si mkono wangu ndio uliobonyeza mashine?"

Jumamosi, 9 Machi

Madaftari matano, yamejaa. Aliyeyaleta ni binti yangu. Mume yuko kwa seremala, anajaribu kukalia simba. Kidole cha binti kina lengelenge pale kalamu inapokaa. Nikalitazama. Akaficha mkono mfukoni.

"Baba, kesho usimuulize kitu. Ukimwaibisha, mimi ndiye ninayerudi naye nyumbani."

Meleki wa jikoni, wa kumtisha mkewe! Mfyuu.

Jumapili, 10 Machi

Honi nje. Binti amekaa kiti cha mbele cha gari la mumewe, glavu nyeupe hadi kwenye viwiko — joto lote hili! Malkia lazima avae, kasema bwana mkubwa. Madaftari ninayo kwapani. Nina swali moja tu la kumwuliza mbele za watu: atusomee ukurasa wowote, halafu atueleze. Au ninyamaze, binti yangu alale salama?

Honi tena. Naandika nimesimama, kiatu kimoja mguuni.

Binti ameshuka, anakuja mlangoni. Anavua glavu ya mkono wa kulia; leo halifichi lengelenge —