Kwa Shangazi, Mwenye Mapipa Manane

Mwaka umezunguka, Shangazi, tangu asubuhi ile ulipotutoka. Wengine hapa nyumbani wakikukumbuka wanaanza na sauti yako. Mimi naanza na sufuria ya maziwa. Ulikuwa umetoka kuugua ile homa iliyokulaza wiki mbili. Maziwa yaliungua jikoni mpaka moshi ukafika sebuleni, nawe ulikuwa umekaa hatua mbili tu kutoka kwenye jiko, umeligeuzia mgongo, unamenya vitunguu. Wewe uliyekuwa ukijua kwa harufu tu, ukiwa chumbani umefunga mlango, nani ameingia na viatu vya matope. Hukugeuka. Nilizima jiko, nikasugua sufuria, nikanyamaza.

Baba na Baba Mdogo wameniambia tangazo hili la kumbukumbu yako niliandike mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshinda nawe. Nitaandika ninavyojua.

Ulikuwa mtu wa kazi. Watengenezaji wengine wa mvinyo mweupe wanauchachusha kwenye matangi ya chuma, ndipo wanauhamishia kwenye mapipa ukiwa tayari. Wewe ulimimina juisi ya zabibu kwenye pipa la mbao siku ileile ilipokamuliwa, ichachuke humohumo. Ulisema kuutia mvinyo kwenye pipa baadaye ni sawa na kumpeleka mtoto darasa la kwanza akiwa ameshaota ndevu. Ulipita ukiweka sikio kwenye kila pipa, la kwanza mpaka la nane, ukisikiliza juisi inavyochemka polepole. Mara mbili kwa wiki ulikoroga mashapo yaliyotuama chini ya pipa kwa fimbo ndefu, na hukumkabidhi mtu fimbo hiyo.

Ulikuwa na ukali wa mdomo tu. Nilipoacha shule darasa la tano, kwa sababu sikuweza kusimama nikasoma mbele ya wenzangu, nyumba nzima ilinisema. Wewe ulinipa ufagio na kipande cha chaki. "Chumba cha mapipa hakina wa kukucheka," ulisema. "Fagia, halafu andika tarehe kwenye kila pipa." Ukaniita Kimya, na jina likanibaki. Hukulitumia kunikejeli hata siku moja.

Mwezi mmoja baada ya maziwa kuungua uliniita mbele ya Baba, ukanipa glasi. "Kimya, umri wako sasa unatosha kufundishwa kunusa. Sema unasikia harufu gani."

Baba akacheka. "Dada, unamfundisha huyu kusema? Bora ulifundishe pipa."

"Pipa linasema sana," ulimjibu. "Wewe ndiye husikii."

Nikasema kwa sauti ndogo: ganda la limau, na mkate uliotoka kwenye tanuri sasa hivi. Ukasema, "Ndivyo." Tukaendelea hivyo kila siku. Ulinisikiliza kama mwalimu anayesahihisha, ila sikumbuki siku uliyonikosoa.

Siku ya kuchanganya mvinyo wa mavuno ya mwaka ule, mama mwenye hoteli, mteja wetu mkubwa, alikuja kuangalia. Watu wa kwetu hawakuwa na desturi ya kuonja baada yako. Ukinusa ukasema sawa, pipa linachanganywa, basi. Ulinusa la kwanza mpaka la nne, yakawa sawa kweli. Ukanusa la tano.

"Sawa. Nalo liingie."

Baba Mdogo akashika mpira wa kuvutia mvinyo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na harufu ya siki ikanifikia hapohapo. Kizibo cha pipa lile kilikuwa kimelegea na hewa ilikuwa imeingia. Likichanganywa, mvinyo wa mwaka mzima unakuwa wa kumwaga. Nikisema linanuka, kila mtu atajua kwamba wewe husikii harufu tena.

Nikasema, "Shangazi, si ulisema jana la tano tuliache?"

Wote wakageuka kunitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza Baba Mdogo kunisikia nikizungumza mbele ya mgeni.

"Nilisema?" uliuliza.

"Ulisema. Ulisema limeshika siki."

Ulinitazama usoni. Kisha ukajipiga paja. "Uzee huu. Nimesema mwenyewe na nimesahau mwenyewe. Wewe, weka huo mpira chini kabla sijasahau na jina lako."

Watu wakacheka. Baba Mdogo akachovya kidole kwenye pipa, akalamba, akakunja uso. Mama mwenye hoteli akasema pua yako ni hatari, hata ukisahau yenyewe inakumbuka. Jioni ile ulinimenyea chungwa ukaniwekea kwenye sahani, kitu ambacho hukuwa ukimfanyia mtu. Hatukuzungumza juu ya pipa la tano, siku ile wala siku nyingine. Lakini tangu hapo glasi ilikuwa inaanzia kwangu.

Ulipenda chai ya moto kupita kiasi. Ulichukia redio ya Baba. Ulihesabu ngazi ukishuka chumba cha mapipa, zote kumi na moja, kana kwamba kuna mtu angeiba moja. Tunazihesabu sisi sasa.

Ulikaa hospitali siku nne tu, moyo ukachoka. Siku ya tatu uliniuliza chumba kinanuka nini. Nikakuambia: dawa ya kupigia deki, na machungwa ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Ukasema, "Ndivyo," ukafumba macho. Hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu.

Mavuno ya mwaka huu hatukukamua. Zabibu ziliuzwa zikiwa vichala, kwenye makreti. Baba anasema pua imezikwa, na mapipa makavu yatapasuka, bora yatoke yakiwa mazima. Jumamosi hii anakuja fundi wa bustani. Anataka kuyakata katikati apandie maua.

Wanaokukumbuka ni kaka yako mkubwa, ambaye ni Baba yangu, na mdogo wako, Baba Mdogo. Wake zao, mawifi zako uliogombana nao juu ya redio. Wajukuu wawili wanaoulizia fimbo yako. Mama mwenye hoteli. Na mimi, Kimya wako. Siku zote utakuwa moyoni mwetu, Shangazi, na kila kizibo kitakachofunguliwa nyumba hii kitakutaja.

Limebaki moja, sijawahi kulitamka. Siku moja kabla ya kuchanganya hukuniambia lolote kuhusu pipa la tano. Siku hiyo tulishinda tukifua magunia. Nilijua tangu maziwa yale, na wewe ulijua kwamba najua. Mvinyo wa mavuno yako mawili ya mwisho, ule ambao watu waliusifu siku ya mazishi, uliufanya kwa mikono yako na masikio yako. Kunusa nilinusa mimi. Ulipokuwa hai nilinyamaza kwa sababu ilikuwa siri yako. Mwaka huu nimeendelea kunyamaza nikidhani bado naitunza, kumbe nilikuwa naogopa tu.

Baba, mwambie fundi wa bustani asije. Kila wiki nimekuwa nikishuka na ndoo kubadilisha maji ndani ya mapipa ili mbao zisikauke. Yote manane ni mazima. Mavuno yajayo nitayajaza mimi.