Matete ya Nyuma ya Nyumba

Mikelenge, Kindu

Kaka Okito mupenzi,

Mama amebakia na meno mbili tu, lakini jina lako analitaja kila asubui.

Pale nyuma ulipoosheaga zahabu ya machimbo ya Kama wakati wa vita, zebaki uliyoitumia ingali ndani ya udongo. Hatulime tena chakula pale, tumepanda matete yanyonye ile sumu. Kuyachoma hapana, moshi yake njo mubaya. Tunayakatakata, tunayachanganya na udongo wa mutoni, tunafyatua matofali ya kuanika kwa jua.

Uliandika kwamba unaona haya kurudi. Juzi tulimaliza chumba chako kwa matofali hayo, Mama mwenyewe akapaka kuta kwa mikono. Nikamuuliza kama amekusamehe. Akasema: “Ile sumu alimwaga ibakie ndani ya ukuta. Yeye arudi alale ndani ya nyumba.”

Mudogo wako,
Pélagie