Bei ya Apu ya Koku

Jumamosi, 6 Septemba 2025
Leo kwenye jumuiya nimesimama! Nimewaambia wote: Kokugonza wangu ametengeneza apu. Unapiga picha jani la mgomba, simu inakwambia kama ni ugonjwa wa mnyauko au ni udongo kukosa mbolea tu. Na mama yake ni darasa la saba! Vigelegele. Ma Celina akauliza, bei gani? Nikajibu hata sijapumua: bure! Jumuiya nzima, bure. Nani kanituma? Hakuna. Mdomo wangu mwenyewe.

Jumatatu, 8 Septemba
Nimemsindikiza Koku Bukoba, dukani kwa Paresh. Baba yake Paresh ndiye alimuuzia marehemu mume wangu redio. Yeye sasa anauza simu za kupangusa. Amekubali kuiweka apu kwenye kila simu anayouza – ila anataka bei ifikapo Jumamosi. Koku akasema elfu moja kwa mwezi. Paresh akacheka. Mkulima wa Muleba, kila mwezi? Si anaiona hela msimu wa kahawa tu? Koku akasema basi elfu tano, mara moja. Paresh akakuna kidevu.

Nikasema polepole: na bure je?

Koku akanigeukia. Mama, seva atalipia nani? Seva ni kompyuta ya kukodi, iko mbali huko, ndiyo inayosoma picha. Akiba ya Koku inatosha hadi mwisho wa mwezi huu tu. Ikizimwa, apu imekufa, naye anarudi Mwanza kuandika risiti kwenye duka la watu.

Nikanyamaza. Mimi! Paresh akashangaa: Ma Koku, leo redio imeisha betri?

Jumatano, 10 Septemba
Aibu. Koku yuko Rubafu anajaribu apu kwenye vibanja vya migomba vya huko, Ma Celina kaja kufuata bure yake. Simu moja, ya mjukuu. Na kikapu – majani ya nyumba saba! Kayakusanya kwa jirani mmoja mmoja ili yapigwe picha pamoja. Koku aliporudi alishika kichwa: majani yenye ugonjwa hayatembezwi, waitu! Tumeyachoma. Halafu akaketi. Nyumba saba, simu moja, akasema. Nikidai malipo kwa kila simu sipati kitu. Na nani kawaambia ni bure?

Nikasema sijui.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimekiri. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Alimenya ndizi za watu kumi, nasi tuko wawili. Mwisho akasema, "Kumbe bei umeshanipangia, Mama."

Ijumaa, 12 Septemba
Nimekwenda kwa Ma Celina peke yangu. Nimemweleza seva, akiba, Mwanza, yote. Halafu nikamwambia: kwetu mche wa mgomba hauuzwi. Unaomba, unapewa, ukizaa, kwa mkungu wa kwanza unamkumbuka aliyekupa. Basi apu ya Koku muichukue kama mche. Kibanja kikipona, mumkumbuke.

Akanitazama. Ungesema hivyo Jumamosi tungekuelewa, akasema, ila wewe unapenda kupigiwa vigelegele. Kweli napenda.

Atawaambia wenzetu yeye. Koku sijamwambia kitu. Nimechoka kutangaza.

Jumamosi, 13 Septemba
Asubuhi. Paresh amepiga mara mbili. Koku yuko barazani na karatasi: elfu moja kaikata, elfu tano kaikata, "bure" kaiwekea alama ya kuuliza.

Nimeacha kufagia nimeingia chumbani kuandika, maana sijui nisimame wapi – wanakuja! Nawaona dirishani. Ma Celina mbele, nyuma yake kumi na mmoja, mikungu kichwani. Jirani Protase kabeba na jogoo! Koku kasimama: kuna msiba? Ma Celina anamjibu hakuna msiba mwanangu, tumeleta ya apu. Lakini nilisema kibanja kikipona! Anamwambia Koku: mama yako kasema tukukumbuke kibanja kikipona, ila tukingoja kipone, hiyo seva si itakuwa imezimwa?

Koku kajishika mdomo. Anacheka au analia, kwa hapa sioni vizuri. Simu yake inaita tena. Anamweleza Paresh: mikungu, kumi na mmoja, hapana, kumi na miwili. Na jogoo. Anasikiliza. Sasa ananiita. Mama! Njoo! Paresh anauliza mkungu unakwenda shilingi ngapi, aandike hiyo kuwa bei.

Upi? Ule wa Ma Celina? Ule mkubwa vile? Mwambie angoje, nakuja kusema mwenye–