Mdomo wa Mama

Jumanne usiku, Mei 2005. Kabiria.

Bado nina hasira na yule daktari, ingawa nimerudi nyumbani na furaha.

Tangu Mama apatwe na kiharusi hajasema neno. Kimya chake nakivumilia. Ninachoogopa ni kwamba huenda Mama hatutambui tena sisi wanawe.

Leo, pale hospitalini Parklands, daktari kijana alimwinamia. "Shosho," alimwita, kama mtu amwitavyo nyanya yake, "nionyeshe dirisha." Akaukodolea macho mkono wa Mama ulio mzima. Haukusogea. "Pole, mzee," akaniambia, "sidhani anaelewa."

Lakini mimi niliona midomo. Upande mmoja umelegea, ila Mama aliichongoa kuelekea dirishani, kama alivyotuonyesha kila kitu tangu utotoni: kuni, ng'ombe, mgeni anayekuja. Kwake, kuonyesha kwa kidole ni kukosa adabu.

Nikalipuka. "Daktari, ulilelewa na nani? Hujawahi kutumwa chumvi na nyanya yako kwa midomo?" Nikavishambulia vyuo vyetu na elimu yao ya kuiga, hadi wagonjwa wa vitanda vingine wakageuka kunitazama.

Akacheka kwa haya. "Hapo umenishika, mzee. Nyanya yangu hufanya vivyo hivyo. Ngoja nimuulize tena..."

Mama hakumngoja. Alinikazia macho mimi, akafyonya, kisha akachongoa midomo kuelekea kiti kilichokuwa nyuma yangu.

Wahariri wa gazeti ninaloandikia wameshindwa kuninyamazisha miaka yote hii. Niliketi papo hapo, kimya, na sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahi hivyo kukaripiwa.