Salamu Zilipokelewa

Bi Zuhura,

Chumba kimefunguliwa. Nimeanza na hilo kwa sababu wewe ndiwe uliyenifunza kuanza na jambo lenyewe, ingawa najua hapo ulipo umeshauliza, "Kadzo, hata shikamoo hakuna?" Ipo. Nimeiweka mwisho makusudi, utaikuta.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la zahanati yetu hapa Magogoni, asubuhi, nangoja kuitwa. Ni benchi lile lile lililokuchania buibui. Msumari wameupigilia sasa. Mbele yangu kuna mlango wa kijani, na uko wazi. Naona kitanda, naona mkunga akikung'uta shuka, nasikia maji yakitoka mferejini. Nimefurahi mpaka mama aliyeketi kando yangu ameniuliza kama uchungu umenianza.

Maana jambo la pili ndilo hilo. Nina mimba, na imebaki siku chache. Ulipotuacha mwenyewe nilikuwa sijajijua. Nilidhani kile kichefuchefu ni cha msiba.

Wanao waliniachia cherehani yako. Wateja bado wanaingia wakiuliza, "Bi Zuhura yuko?" kisha wanajishika mdomo. Mimi huwaambia yuko, ametoka kidogo, leteni kitambaa. Sijui kama nafanya vibaya. Siku nyingi najisikia hivyo kweli, kwamba umetoka kidogo.

Wajua watu wanadhani ulinifunza kushona tu. Hawajui mwaka ule wa kwanza nilishika magazeti zaidi ya vitambaa. Ulikuwa ukinunua magazeti ya zamani kwa kilo, ya kukatia ruwaza, na sharti lako lilikuwa moja: gazeti halikatwi kabla halijasomwa. Nami nilitaka tu nikate mkono wa gauni niende zangu. Unaninyang'anya mkasi, unavaa miwani, unasema, "Soma hapo." Nasoma kuhusu mikopo ya serikali, nasoma kuhusu ugatuzi, nasoma kuhusu ushuru wa unga, kwa sauti, mpaka jirani wa duka la simu anapunguza redio yake asikie. Kisha ndipo unanirudishia mkasi. Kuna kina mama Kisauni nzima wanaotembea na magauni ambayo makwapa yake yalichorwa juu ya bajeti ya taifa.

Na siku ile ya uzi. Nilikuwa natunga sindano ukaniuliza kama nalipa kodi. Nikakwambia mimi kodi ya nini, sina kazi ya afisi. Ulicheka ukavunja sindano. "Mwanangu, huo uzi una kodi. Sindano hiyo n'loivunja ina kodi. Ukinipigia simu kuniambia wachelewa, hapo pia washakatwa. Wewe wailisha serikali tangu kupambazuka, halafu ikikupa dawa ya kuhara wenda kusema imekusaidia." Tangu siku hiyo ukapiga marufuku neno kuomba mle dukani, likitajwa pamoja na serikali. Mungu ndiye wa kuombwa, ulisema, serikali huagizwa. "Kwani ukenda kwa muuza viazi karai, husema naomba msaada wa viazi?"

Nilikuamini kwa yote hayo. Ndiyo maana kile kikao cha kwanza cha bajeti kilinivunja mbavu, nisamehe, nilijaribu kujizuia.

Unakikumbuka. Ukumbi wa shule, viti vya plastiki, yule afisa kijana wa bajeti mezani na kengele yake ndogo. Kila mwananchi dakika mbili za kutoa maoni, kengele ikilia unaketi. Ndugu zetu wa kutoka bara walisimama wakasema barabara, taa, asante, wakaketi na dakika zao zimebaki. Kisha zikaanza zamu za sisi wenyeji. Kila aliyesimama alisalimu. Alisalimu meza kuu, wazee, kina mama, vijana, akauliza hali, akashukuru kuitwa, na kengele ikamkuta bado anashukuru. Ulikuwa ukinong'ona, "Hawa watu wana nini?" Kisha ikafika zamu yako.

"Assalaam aleikum. Na ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe. Wazee, shikamooni. Wenzangu, hamjambo nyote?" Tukaitikia. Hapo bado ulikuwa na muda. Lakini ukamtazama yule afisa vizuri. "Na wewe si mwana wa nyumba ya pale Likoni, karibu na msikiti? Mamako hajambo? Lile goti lilipoa?" Kijana wa watu alilelewa akaleleka. Angefanyaje? Akasimama, akasema shikamoo mama, goti linaendelea vizuri, ukasema marahaba mwanangu, nisalimie sana. Kisha ukajiweka sawa mtandio, ukasema, "Sisi watu wa Magogoni twa..." Kengele. Kijana mwenyewe aliigonga akiangalia chini kwa haya.

Tukarudi dukani na jambo letu halijasemwa.

Halafu ripoti ikabandikwa kwenye ubao wa afisi ya wadi, maoni ya kila mtaa na jibu lake. Barabara, litazingatiwa. Taa, litazingatiwa. Na kwetu: Mkazi wa Magogoni, salamu zilipokelewa. Uliisoma mara mbili. Nilidhani utaichana. Ukacheka ukaegemea ubao, machozi yakakutoka, ukaenda kutoa nakala na kuitia kwenye mtoto wa meza ya cherehani, pamoja na vifungo. Jioni ile ulisema jambo ambalo sijalisikia kwa mtu mwingine. Ulisema miaka yote tumelalamika kwamba tunanyimwa, na huenda ni kweli, lakini leo umeona kwa macho yako kwamba muda wetu tunaumaliza wenyewe kwa adabu.

Hapo ndipo ulipoleta mageuzi yako. Wengine hubadilisha katiba. Wewe ulibadilisha salamu. Mwaka uliofuata, mtu mmoja angebeba salamu za Magogoni nzima, akazitoa zote, na waliobaki wangesimama na kuanza na jambo. Mzee Mwinyi, jirani yetu wa duka la mkaa, alikataa kabisa. "Mimi nisimame mbele za watu nianze na choo bila kusalimu? Watu watasema sina kwetu." Choo cha soko kilikuwa ndicho kilio chake. Ukamfanyisha mazoezi dukani, simu yako ikihesabu dakika, na kila akifungua mdomo anasema hamjambo, unamrudisha nje aingie tena. Aliingia na kutoka mpaka wateja wakadhani ana ugomvi na wewe.

Na siku yenyewe ulisalimu dakika mbili barabara, goti la Likoni likiwemo. Kisha wakasimama wengine, mmoja baada ya mwingine, wote na neno moja, kwa maana tulikubaliana tusitawanyike. Mzee Mwinyi alikiacha choo chake mwaka huo kwa ajili ya wake za watu. Alifumba macho kama anayemeza dawa chungu, akasema, "Salamu zimeshatolewa. Twaagiza chumba cha kujifungulia." Akaketi. Chumba kikaingia kwenye kitabu cha bajeti. Kikajengwa. Kikapakwa rangi ya kijani.

Kisha kikafungwa kwa kufuli.

Tulipokwenda kuuliza, yule afisa alitufungulia kitabu kwa upole akaweka kidole. Chumba cha kujifungulia, kimoja. Hicho ndicho tulichoagiza, nacho kimeletwa. Mkunga hakuna aliyemtaja. Kitanda hakuna aliyekitaja, wala maji. Tulisimama watu wazima wote mbele ya kufuli. Wewe ulilishika ukalipima mkononi, ukasema, "Tumeagiza viazi, tukasahau chumvi." Tulicheka, lakini nilikuona umechoka. Sikujua kuwa ule uchovu haungekuachia.

Siku ya mwisho niliyokuona hukuniuliza habari za duka. Uliniambia, "Mkunga, Kadzo. Usisahau mkunga." Ukafa na chumba kimefungwa. Hilo liliniuma kuliko kufa kwenyewe, sikufichi. Kufa ni kwa Mungu, lakini lile kufuli lilikuwa letu.

Kikao cha mwaka huu kilikuja miezi miwili baada ya kukuzika. Na wamebadilisha utaratibu, kwa kuwa siku hizi watu wanafurika: kila mtaa wasemaji wanne tu, dakika zile zile mbili. Tukakutana dukani kwako tukapanga. Mkunga, mmoja. Kitanda na vyombo, wa pili. Maji, wa tatu. Na choo cha Mzee Mwinyi, ambaye mwaka jana alijitoa, na safari hii wote tulikubali anastahili. Wameisha wanne. Sasa nani abebe salamu?

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mzee Mwinyi, yule yule aliyekuwa akirudishwa mlangoni, alisema salamu haziwezi kuachwa, wewe mwenyewe ulizipa mtu wake, na kuingia bila salamu ni kukutia aibu kaburini. Yuko tayari choo kingoje tena. Wengine wakasema maji yangoje. Lakini mkunga bila maji atafanya nini? Na hakuna ambaye angetamka kwamba tusisalimu, kwa sababu hatukuumbwa hivyo. Mwishowe wakasema nitatangulia mimi, niliye mrithi wa cherehani, nisalimu haraka, kisha nimtaje mkunga kwa dakika itakayobaki. Nilijua haitabaki. Nilikuwa nimekuona wewe, bingwa, ukishindwa.

Asubuhi ya kikao nilifungua mtoto wa meza kutafuta kifungo cha blauzi yangu, nikaikuta ile nakala. Niliisoma nimesimama, kifungo mkononi, nikaanza kucheka peke yangu.

Nilisimama, Bi Zuhura. Yule afisa aliniangalia, akaweka mkono kwenye kengele. Nikainua karatasi. Nikasema, "Salamu zetu mnazo. Alizileta Bi Zuhura, na hapa mmeandika wenyewe kwamba zilipokelewa. Hazijaisha. Sisi twaagiza mkunga."

Watu wote waligeuka kunitazama. Nikadhani nimeharibu. Kisha yule kijana akasimama, akaisukuma kengele pembeni, akasema, "Waaleikum salaam. Mungu amrehemu mama yetu." Na ukumbi mzima, Waislamu na Wakristo, wenyeji na wa bara, ukasema amin. Hapo nilikuwa na dakika moja na ushei, yote yangu. Nikasema mkunga wa kudumu, si wa kuazimwa kutoka kwingine. Nikasema mshahara wake uandikwe kitabuni kwa mstari wake. Nikasema chumba bila mkunga ni banda. Nikaketi kabla ya kengele. Nafikiri ni mara ya kwanza katika historia ya Magogoni.

Kitanda kikasemwa, maji yakasemwa. Mzee Mwinyi akasimama wa mwisho, na mazoea yakamshinda: "Kwanza kabisa, salamu..." Ukumbi wote ukamjibu, "Zilipokelewa." Alicheka mpaka akasahau alichotaka kusema, na choo akakumbushwa na mtu wa nyuma.

Mwaka mpya wa fedha ulipoanza, mkunga aliletwa. Juzi binti yake Mzee Mwinyi amejifungua humu humu, mtoto mzima, mama mzima, na mzee alimsalimu mkunga kwa muda mrefu na hakuna aliyemgongea kitu. Mtaani sasa neno hilo limekuwa letu. Mtu akizidisha hodi na habari za tangu juzi, huambiwa zilipokelewa, sema shida. Jina lako linatajwa kila siku na watu wanaocheka. Natamani ungesikia.

Choo hakikuingia. Wamesema litazingatiwa. Kwa hiyo nakuahidi: mwakani nitakuwepo, na mwaka utakaofuata, na safari hii tutaagiza choo na maji yake na mlango wake na komeo la mlango. Gazeti halitakatwa dukani kwako kabla halijasomwa. Mtoto huyu, kwa kawaida yetu, jina lake liko kwa wakwe, na hilo halina mjadala. Lakini kigauni chake cha kwanza nimekichora juu ya ukurasa wa bajeti. Niliusoma wote kwanza, kwa sauti, na jirani akapunguza redio.

Wananiita. Mkunga amesimama mlangoni ametaja jina langu, nami nimeitika abee kama ulivyonifunza.

Basi kwaheri, mama yangu. Shikamoo. Mzee Mwinyi anakusalimu, na binti yake, na mjukuu wake ambaye hajakujua. Jirani wa duka la simu anakusalimu. Yule afisa anakusalimu, na mamake wa Likoni amesema nikwambie lile goti limepoa kabisa. Wanao hawajambo. Mimi sijambo. Na wewe je, huko hujambo? Wapumzikaje? Itikia taratibu, Bi Zuhura. Hapa hakuna kengele.

Kadzo wako