Wamekunyang'anya Jumatano Yako

Newala, Jumapili mchana

Baba yangu, shikamoo. Goti bado linakusumbua? Na mpunga wa hapo Mamba umeshika maji, au ndiyo mnaangalia mawingu tu? Mimi mzima. Huku kusini nafundisha darasa la nne na la tano, maji tunapanga foleni, lakini sijambo.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu wewe hujui kusema zaidi ya "salama tu, mwanangu". Salama ipi? Mdogo wangu Agnesi ameniambia yote. Eti mwalimu mkuu amekusimamisha mlangoni mbele ya watoto, anakwambia dini sasa ni somo kamili, lina mtaala na vitabu, anatakiwa mwalimu mwenye cheti. Na wewe ukasema "haya", ukachukua baiskeli yako ukarudi nyumbani! Baba, nimekasirika sana.

Cheti? Walikuwa wapi na vyeti vyao miaka yote uliyofundisha bure? Mimi nilikuwepo. Kila Jumatano, kipindi cha mwisho, tunagawanyika: Wakristo darasani kwako, Waislamu barazani kwa ustadhi. Shule inawapa ninyi wawili chaki moja tu, mnaivunja katikati, kila mtu na kipande chake. Wale watoto wa Kisukuma ambao kwao hawakuwa na kanisa wala msikiti walikuwa wanatumwa kufagia uwanja. Ni wewe uliyewaita. "Acheni mafagio, njooni mkae. Kusikiliza hakumbatizi mtu." Hilo liko kwenye mtaala gani?

Halafu huyo kijana aliyechukua nafasi yako, bila aibu, amekuja nyumbani kuazima madaftari yako. Na ukampa! Jamani baba! Upole gani huo? Kayadai. Kama wewe unaona haya, mtume mama, yeye haogopi mtu.

Sisemi somo lisibadilike. Watoto wapate vitabu, wapimwe, sawa. Ila mtu hafukuzwi kama kuku aliyeingia jikoni. Hata kikombe cha chai hawakukupa?

Msalimie mama, na shangazi wa Usevya, mwambie ule mchele umefika. Mpe ustadhi shikamoo yangu, nasikia na yeye wamemwambia apumzike. Agnesi asome, aache simu.

Nilitaka kuishia hapa, baba, nimeshindwa. Mwezi uliopita, kabla Agnesi hajanipigia, mwalimu mkuu wangu alinipa kipindi cha dini kwa kuwa nina diploma. Kulikuwa na mzee anayejitolea kukifundisha. Nikatumwa mimi kumwambia apumzike, nikamwambia pale pale mlangoni, watoto wanatazama. Akasema, "Haya, mwalimu." Akaingiza mkono mfukoni, akanipa kipande cha chaki kilichofungwa kwenye karatasi. Nikakipokea, nikasema asante, nikaingia kufundisha. Jina lake sikuuliza.

Kipo hapa mezani ninapoandika. Nimeshaulizia kwa yule mzee ni wapi. Sasa niambie, baba, na usiniambie salama tu: yule kijana akirudi kwako, ungependa akwambie nini? Maana ndicho nitakachokwenda kumwambia yule mzee.

Mwanao mwenye hasira,
Skola