Siku za Furaha Hukumeza Dawa

Mama,

Nimeolewa! Naandika neno hilo huku nikicheka peke yangu jikoni, hapa Kibondo, na Elia yuko uani anapiga randa. Anaimba akiranda mbao, Mama. Anaimba vibaya, nami namsikiliza kama kwaya ya Pasaka. Ananiita "mke wangu" hata anapoomba chumvi tu. Nina raha mpaka naona haya.

Raha hii ningekuletea mwenyewe huko Rungwe Mpya ulikolala, mbio mbio. Lakini miezi saba sasa nimeshindwa kusema nawe, hata kaburini. Niliogopa kwamba mimi ndiye niliyekuua.

Kwenye matanga yako Shangazi Modesta alisema mbele ya watu, "Presha ya wifi yangu ilipandishwa na posa ya huyu mtoto." Wote waliikumbuka siku niliyokutajia Elia. Ulisimama, ukasema, "Mtoto wa wale waliovuka kutoka Burundi na magodoro kichwani? Resti, leo umeninywesha dawa!" Ukaingia chumbani, ukameza vidonge viwili.

Ndivyo ulivyokuwa ukimeza. Uliamini presha ni hasira na mawazo, basi kidonge kikawa cha siku ya kuudhiwa. Mbuzi wa jirani akila mihogo, kidonge. Baba akichelewa kilabuni, kidonge. Tukiona unanyoosha mkono juu ya kabati tulitazamana: nani kamkosea? Siku ukilala bila kumeza, tulijisifu kwamba leo tumekaa nawe vizuri.

Mwezi uliopita Baba alikuja kututembelea, nikampeleka kwenye kituo cha afya apimwe. Nesi alipomaliza, nikamsimulia habari zako, vidonge vyako na siku ile ya posa, nikamuuliza lile swali langu: "Sista, maneno yanaweza kumuua mtu mwenye presha?"

Hakunicheka. Alisema mishipa ya fahamu imeizunguka mishipa ya damu, na huipelekea habari kwa kutoa chembe ndogo za protini zinazoitwa peptidi. Ukiudhika, hutoka zile za kubana. Mishipa ya damu inakuwa myembamba na moyo unasukuma kwa nguvu. Ziko pia nyingine za kulegeza. "Ukila pilipili si unapata joto usoni?" akasema. "Mishipa ya fahamu imetoa zile za kulegeza, ya damu imefunguka." Nikakumbuka samaki wako, migebuka ya mawese na pilipili, tulivyokula tukipuliza midomo, nawe ukijipepea kwa pindo la kanga.

"Kwa hiyo hasira inapandisha," nikasema.

"Inapandisha. Nikikataa nitakuwa nakudanganya. Lakini hasira hupita. Presha ya mama yako haikuwa inangoja audhiwe. Ilikuwepo hata akicheka, miaka mingi, inaichosha mishipa kimyakimya. Dawa ingemlinda kama angeimeza kila siku." Kisha akauliza, "Tangu siku hiyo ya posa mpaka alipoanguka, ulipita muda gani?"

Wiki tisa.

Mama, hapo nililia mbele ya watu. Wiki hizo tisa nazijua. Elia alikuja kukusalimu, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama wazee wetu wa Kiha, akauliza habari za kila mtu mpaka za kuku. Alipoondoka ukasema, "Huyu hakuvuka na godoro tu, alivuka na adabu." Tangu hapo nani angekuweza? Ulishona kitenge cha harusi kabla mimi sijapata gauni. Ulikwenda Kasulu mjini mara mbili kutafuta sufuria kubwa. Ulikuwa ukicheka mpaka Baba anauliza kama umepotewa na akili.

Baada ya mazishi nilipapasa juu ya kabati nikakuta karatasi za vidonge ulizopewa wiki ile ya posa. Zote zilikuwa zimejaa, kasoro viwili. Wakati ule sikuelewa. Hakuna aliyekuudhi, Mama. Wiki tisa nzima, hakuna hata mmoja aliyekuudhi.

Posa yangu haikukuua. Lakini ilikufurahisha, nawe kwa furaha uliona dawa haina kazi, na sisi, hata mimi niliyefika kidato cha nne, tulikutazama tukashangilia. Kuna asubuhi natamani ningekuudhi kila siku. Halafu nakumbuka kicheko chako cha wiki zile, na siwezi kutamani usingekuwa nacho.

Baba pia amekutwa na presha. Alipopewa dawa alimwambia nesi, "Nimeze ya nini? Aliyekuwa akiniudhi ameshaondoka." Alitabasamu, kisha akageukia dirishani.

Sasa nampigia simu kila asubuhi kabla hajaenda shamba. Nauliza, "Umemeza?" Anajibu, "Sijaudhika." Basi naanza kumsimulia vile Elia alivyonibusu mlangoni, na kabla sijafika mbali anapiga kelele, "Nameza! Nameza! Huna aibu, mtoto wewe!" Nasikia maji yakishuka kooni.

Lala, Mama, nami niache nifurahi. Nakuahidi sitamwacha Baba akae na amani hata asubuhi moja.

Binti yako, mke wa Elia,
Resti